Mbegu ya mahindi niliyoitunza imenigeuka, maharage yako vilevile. Nimekosea wapi?

mama_mbozi

Wakuu, habari za jioni. Niko Mbozi, si mbali na Vwawa, na kuna jambo linanisumbua tangu tuanze kuvuna wiki iliyopita.

Msimu wa juzi nilinunua kilo 10 za mbegu chotara dukani, nikapanda ekari moja. Jamani, yale mahindi! Yalisimama sawasawa kama wanafunzi mstarini, kila hindi limejaa mpaka nchani. Nikasema basi, hela ya mbegu nimeshatoa mara moja, inatosha. Nikachagua mahindi 60 manene kuliko yote, nikayaning'iniza juu ya moshi jikoni, Desemba nikapanda.

Kilichotoka ni aibu. Shina moja linanipita kimo, la pembeni yake linaishia kiunoni, jingine limetoa mbelewele bila hindi. Mbolea ni ileile na mvua haikutusumbua. Halafu nikimenya nakuta punje za njano katikati ya nyeupe, kama mtu aliyeweka meno ya dhahabu. Mimi sijawahi kupanda mahindi ya njano. Aliyepanda ni jirani, mistari michache ya kuku wake, upande wa juu upepo unakotokea.

Sasa maharage. Haya ya njano nilipewa na mama mkwe mwaka nilioolewa, huu ni wa 11. Napanda, natunza, napanda tena, wala hayajabadilika, ingawa yanapakana na mekundu ya jirani huyohuyo. Mama mkwe anasema mbegu ya mahindi imechoka. Mume wangu anasema niliuziwa feki. Nani mkweli? Na mwakani nifanyeje, maana bei ya mbegu mnaijua.

Kitimoto wa Makambako

Mama hapo ulipigwa mchana kweupe. Rudi na mfuko wako dukani.

bwana shamba mstaafu

Msimsingizie mwenye duka. Ingekuwa feki, ingemuumbua msimu ule wa kwanza.

Dada, mahindi na maharage hayaoani namna moja. Hindi dume lake liko juu kwenye mbelewele, jike liko chini kwenye ndevu, na mshenga ni upepo. Kila uzi wa ndevu umetoka kwenye punje moja. Uzi usiopata chavua, yaani ule unga wa dume, punje yake haijai, ndiyo yale mapengo unayoyaona kwenye gunzi. Tena mbelewele kwa kawaida huanza kumwaga kabla ndevu za shina lake hazijatoka, kwa hiyo punje nyingi baba yao ni shina jingine.

Harage halimngoji mtu. Kama una vinyungu, zile bustani za kiangazi bondeni, nenda asubuhi utafute ua ambalo linakaribia kufunguka, ulipasue taratibu kwa ukucha. Ndani utakuta kifuko kimejisokota kama gamba la konokono. Kipasue nacho. Ule unga wa njano umeshaipaka ncha ya jike kabla nyuki hajapewa mlango. Ndiyo maana la mama mkwe halijageuka.

Kuhusu chotara: watengeneza mbegu huchukua mahindi, wakayafunika mifuko na kuyalazimisha yajichavushe yenyewe vizazi sita, saba. Yanakonda, yanafupika, ukiyaona shambani utayahurumia. Kisha wanaoanisha koo mbili au tatu za namna hiyo, na watoto wanatoka wakubwa. Hao ndio uliowapanda msimu wa juzi. Wa Desemba ni watoto wa ndugu kwa ndugu, kila mmoja kajichukulia kipande chake cha mabibi na mababu: huyu kimo, yule ufupi, mwingine kakosa hata hindi. Mbegu haijachoka, imesambaratika.

Mwalimu wa Bios, Iringa

Nimwongezee mzee hapo kwenye njano. Ule wanga wa ndani ya punje hurithi kwa mama na kwa baba, na njano humfunika mweupe. Chavua ya jirani ikitua Machi, Juni unaiona kwenye gunzi. Kwenye harage rangi unayoiona ni ya ganda la punje, na ganda hilo ni mwili wa mama peke yake. Kwa hiyo hata nyuki akibahatika kuchanganya punje moja, na hutokea mara chache, hutajua mpaka uipande na kuvuna watoto wake.

Kudhoofika kwa hindi linalojioa si habari mpya. Darwin, mwanasayansi wa Uingereza, alichapisha majaribio yake mwaka 1876. Kwenye mahindi alikuwa na jozi 15, mche wa mbegu iliyochanganywa kando ya mche wa mbegu iliyojichavusha. Katika jozi 13 uliochanganywa ulikuwa mrefu zaidi.

kahawa_tu

Sisi wa kahawa ya arabika tunapumua basi, kwa sehemu kubwa inajichavusha. Robusta ya Kagera ndiyo yenye madaha, haikubali chavua yake yenyewe.

Kitimoto wa Makambako

Naomba kuuliza, sasa sitanii. Dume langu la nguruwe ni mwaka wa nne, linapanda mpaka mabinti zake. Mwanzo nilikuwa napata watoto kumi, sasa watano, na juzi mmoja kazaliwa hana njia ya haja kubwa. Ndiyo haya haya?

bwana shamba mstaafu

Inawezekana sana. Baba kwa binti, unatarajia robo ya vinasaba vya mtoto viwe nakala ileile pande zote mbili, na kasoro zilizokuwa zimejificha zinapata mwenzake. Uza dume, au badilishana na mfugaji wa mbali, si jirani aliyenunua kwako. Anayeweza kujipandisha mwenyewe ni tegu anayetokana na nyama ya nguruwe isiyoiva. Kila pingili yake iliyokomaa ina uke na uume, na mara nyingi yuko peke yake tumboni mwa mtu, ataoa nani?

Mama Mbozi, ukiwa na hela nunua chotara kila msimu. Kama huna, ulizia Uyole, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo kule Mbeya, mbegu isiyo chotara, ile wanayoiita OPV, inayofaa mwinuko wenu. Hiyo utaitunza miaka kadhaa, ila chagua ikiwa shambani, si jikoni. Hindi nene la pembezoni labda lilikuwa limekaa penye samadi tu. Kaa katikati ya shamba, chukua kwenye mashina 100 na zaidi yenye afya. Ukichukua mahindi matano matamu kwa macho unarudi kulekule kwa ndugu kuoana. Na uwe mita 200 hivi mbali na ya njano.

mama_mbozi

Mita 200 nitazitoa wapi mzee, shamba lote halifiki huko! Lakini jirani kakubali mwakani kuhamishia ya kuku wake ng'ambo ya mto, kwa debe moja la maharage.

Leo asubuhi nilishuka bondeni na mama mkwe. Nikapasua ua kama ulivyosema, kifuko kimejisokota kweli, unga ukanishika kwenye ukucha. Nikamwonyesha. Akautazama, akaniambia nimempotezea ganda zima la maharage.