Warsha za kujenga kwa udongo: wanaume wanashika zana, wanawake wanabeba maji. Tupange vipi?

nyayo_topeni:

Habari zenu wadau. Naombeni mawazo kwenye jambo ambalo limenikera muda mrefu na safari hii nimepata nafasi ya kulifanyia kitu. Huwa nahudhuria hizi warsha za ujenzi wa asili, za vitendo, kob (udongo, mchanga na majani makavu vinakanyagwa pamoja na kujengwa ukuta kwa mikono), tofali za udongo, mifuko ya udongo na seng'enge, lipu ya chokaa, sasa nimeombwa nisaidie kuendesha moja ya wiki nzima, washiriki ni mchanganyiko wanawake kwa wanaume na wengi wao hata mwiko hawajawahi kushika.

Kinachotokea kila mara ni hiki. Asubuhi ya kwanza wote tunakanyaga udongo pamoja kwenye turubai, vicheko, nyimbo, kila mtu yuko sawa na mwenzake. Ikifika mchana kazi zimeshajigawa na ukiuliza nani kazigawa hakuna. Drili, msumeno, pima maji na timazi viko kwa wanaume, wanawake wanabeba maji na kuchekecha mchanga, alafu siku ya mwisho ndo wanaitwa kulainisha ukuta na kuchora maua. Dada akiuliza kwa nini ukuta unapasuka mwalimu anajibu huku anamtazama kaka aliyesimama pembeni. Na ukishika drili tu, kabla hujaweka hata skrubu moja, anakuja mtu na nia njema kabisa, "lete nikusaidie", anaichukua, anamaliza kazi yote, anakurudishia ikiwa imezimwa. Yani ada mmelipa sawa ila aliyejifunza ni yeye.

Swali langu, nitenge siku za wanawake peke yao? Au kuna namna ya kupanga wakiwa pamoja bila warsha kugeuka ugomvi? Nataka kila mtu akiondoka awe anajua kusimamisha ukuta.

fundi_mwiko:

Dada hiyo ya drili umeieleza vizuri sana. Mi ni fundi na ninafundisha, na kwangu hilo ndo tatizo namba moja kuliko hata maneno ya kejeli, maana kejeli mtu anaikemea, sasa msaada utaukemeaje?

Ninavyofanya, kabla udongo haujalowekwa natangaza sheria moja tu: zana iliyoko mkononi mwa mtu haichukuliwi. Ukitaka kumsaidia msaidie kwa mdomo, mikono yako iwe mgongoni, na usimwelekeze kabla hajakuuliza. Naisema kwa wote, simtaji mwanamke wala mwanaume, na siku mbili za mwanzo nakuwa mkali nayo kweli kweli mpaka watu wanaizoea. Wanaopata shida zaidi ni wale wanaoijua kazi, mikono inawawasha, lakini wakilazimika kueleza kwa maneno wanagundua kuna vitu walikuwa wanavifanya bila kujua sababu.

Alafu usiache kazi zijigawe. Bandika ubao wa zamu, vikundi vya watu watatu wanne, kila nusu siku kikundi kinahama, msingi wa mawe, kupima udongo na kuchanganya, kunyanyua ukuta, mbao na vizingiti (zile mbao za juu ya milango na madirisha), lipu. Angalia sana msingi na vizingiti maana mtu akivikosa hivo hawezi kwenda kuanza nyumba peke yake, atabaki kuwasubiri wengine wasimamishe ndo yeye aje apake.

Na kwenye kupima udongo usikubali mtu mmoja awe mjuzi wa kundi zima. Kila mtu na chupa yake angavu, anatia udongo kama theluthi, maji, chumvi kidogo, anatikisa kwa nguvu anaiacha. Mchanga unatuama muda huohuo, vumbi laini linachukua saa kadhaa, mfinyanzi unaweza kuchukua siku nzima na zaidi mpaka maji yawe meupe. Akishasoma matabaka mwenyewe anajua udongo wake ukoje na aongeze mchanga kiasi gani, kwa kob wengi wanalenga mfinyanzi uwe kama asilimia 15 hadi 25 na nyingine mchanga, majani makavu unaongeza kwa kuangalia inavyoshikana. Kisha anafinyanga tofali lake la majaribio na anaandika vipimo juu yake kwa kijiti likiwa bichi. Likipasuka anaona yeye, lisipopasuka anaona yeye. Nimeshuhudia wanawake waliokuwa kimya tangu asubuhi wanaanza kubishana na mwalimu mbele ya watu kwa sababu wana tofali mkononi na vipimo vinasomeka.

kob_na_chokaa:

Nakubaliana na mengi ila tusidanganyane wakuu, kuna kazi zinataka nguvu. Kob ni nzito, na kusindilia udongo ndani ya boksi la mbao siku nzima sio mchezo. Mtu akiniambia hii nzito siwezi kumlazimisha eti kwa sababu ni zamu yake. Na wapo wanawake wanaipenda lipu, wanaichagua wenyewe, sasa tuwakataze?

fundi_mwiko:

Kaka uzito ni kweli wala sikatai. Ndoo ya lita 20 ikijaa kob mbichi inafika kilo 35 na kupita. Lakini hiyo hata wewe hutakiwi kuibeba kutwa. NIOSH, ile taasisi ya Marekani ya usalama kazini, kwenye hesabu yao ya kunyanyua mizigo wanaanzia kilo 23, na hiyo ni hali ikiwa nzuri kabisa, mzigo uko karibu na mwili, hupindi kiuno, hurudii rudii. Kwenye saiti ya tope unateleza, unainama, unarudia mamia ya mara, kwa hiyo kiwango kinashuka zaidi. Ndoo nusu kwa kila mtu, mnapanga mstari mnapokezana, ukuta unapanda haraka kuliko kila mtu kukimbia na ndoo yake. Turubai la kuchanganyia livutwe na watu wawili. Kusindilia mpeane zamu fupi fupi. Ukipanga hivo swali la nani ana nguvu linapungua sana, na migongo inapona.

mgongo_kwanza:

Naomba nisemee upande wetu wanaume maana huwa hausemwi. Kwenye warsha niliyohudhuria ukiwa mwanaume ilichukuliwa tu kwamba unajua. Nilikabidhiwa grainda bila neno, hakuna aliyenionyesha kinga yake inakaaje wala diski inabadilishwaje, na kuuliza mbele ya wenzangu nilishindwa. Kijana mwingine cheche zilimrukia usoni hana miwani, bahati hazikuingia jichoni. Wiki nzima nimebeba ndoo na mawe, lipu sikuigusa hata mara moja, na lipu ndo kitu nilichokifuata.

Kwa hiyo dada nyayo, kila zana ifundishwe kutoka sifuri kwa wote, tena mmoja mmoja aiwashe, akate nayo, aizime mbele ya mwalimu. Usiulize "nani anajua kutumia hii?" Hilo swali ndo linagawa watu, waoga wananyamaza na wanaojifanya wanajua wananyanyua mkono.

Na chokaa pia. Watu wanaiona kazi laini ya kupaka, kumbe inaunguza ngozi, na jichoni inaweza kukupofua. Miwani na glovu kwa kila mtu, na glovu ziwe za saizi tofauti. Mwanamke mwenye mkono mdogo ukimpa glovu la kumpwaya ataivua tu maana mwiko unamponyoka, alafu jioni vidole vimechubuka wanasema hajazoea kazi.

ukuta_mnene:

Kwa aliyeuliza kuhusu lipu. Anayeipenda aifanye, na alipwe na aheshimiwe kama fundi, maana ukuta wa udongo unadumu au unaoza kutegemea lipu yake. Ila ajaribu kwanza na kazi nyingine ndo tuseme amechagua. Mtu ambaye hajawahi kupewa timazi hajachagua kitu.

Na hii dhana kwamba ukuta ni wa mwanaume na mapambo ni ya mwanamke haiko kila mahali wala kila zama. Tiébélé kule Burkina Faso ni kweli wanaume wanajenga na wanawake wanapaka na kuchora, na kazi yao hao wanawake ndo imeipa sifa ile ikulu ya kifalme iliyoingizwa urithi wa dunia wa UNESCO 2024. Lakini nenda New Mexico, Marekani, padri Mhispania Alonso de Benavides aliandika mwaka 1630 kwamba kwa watu wa Pueblo, wenyeji wa asili wa huko, kuta walikuwa wanajenga wanawake, wanaume wanafuma nguo, na mwanaume akilazimishwa kujenga ukuta anakimbia na wanawake wanamcheka. Kazi ileile, tope lilelile. Hata kufufuliwa kwa kob Marekani, Cob Cottage Company ya Oregon ilianzishwa 1993 na watu watatu na mmoja wao ni mwanamke, Linda Smiley. Ukiwa unaonyesha picha za majengo siku ya kwanza taja na waliojenga, wanawake wakiwemo.

Kuhusu kutenga, mi nisingetenga wiki nzima. Wanawake wengi wanasema wakiwa peke yao wanathubutu kukosea, hilo lina thamani kubwa, lakini baadaye saiti watakutana na wanaume tu na wanaume nao watakuwa hawajajifunza kitu. Tenga saa za zana peke yake, asubuhi ya kwanza, mwalimu akiwa mwanamke kama yupo, kisha wote pamoja.

maji_ya_kuoga:

Mmesahau choo. Choo kinachofungwa kwa ndani, maji, pipa la taka lenye mfuniko na sehemu ya kubadilisha nguo na kuosha tope bila kutazamwa. Mwanamke aliye kwenye siku zake na choo hakina mlango hatarudi siku ya tatu na mtasema kazi imemshinda. Na wenye watoto wadogo wawekewe mtu wa kukaa nao, ila asiwe mshiriki mwanamke anayetolewa kwenye kazi.

nyayo_topeni:

Asanteni sana ndugu zangu, nimenakili karibu yote. Nimeongea na mwalimu mkuu, amekubali sheria ya zana na ndoo nusu bila ubishi, zamu ameziogopa kidogo, anasema zitachelewesha ukuta na mwenye kiwanja anataka ukuta uishe. Nimemwambia watu wamelipa wajifunze, ukuta ukibaki nusu tutaufunika turubai. Bado tunajadiliana. Nimeomba pia msingi ufundishwe na dada mmoja fundi tuliye naye ambaye kila mara anapangiwa lipu. Swali la mwisho, vizingiti niviweke siku ya ngapi?

fundi_mwiko:

Weka katikati ya wiki, na andaa kaukuta kadogo ka mazoezi pembeni kenye uwazi wa dirisha ili kila kikundi kiweke kizingiti chake na kukitoa, mbao ziingie ukutani vya kutosha kila upande. Usikiache siku ya mwisho, siku hiyo watu wana haraka, mwenye uzoefu atakamata pima maji na wengine watabaki kumshikia ngazi. Na mwalimu mkuu akikataa zamu kabisa, mwombe basi zamu kwenye msingi na vizingiti tu.