Mrejesho: kugeuza picha za WebP na HEIC kuwa JPG

Ndugu zangu, juzi niliuliza jinsi ya kugeuza picha kuwa JPG ndani ya kivinjari, maana fomu ya mdogo wangu ilikuwa ikizikataa. Asanteni sana. Uliyenielekeza Squoosh, tovuti ya kugeuza picha, ubarikiwe: za WebP (aina ya faili za picha za mtandaoni) zimegeuka vizuri, na kwa kuwa kazi hufanyika kwenye kompyuta yenyewe, kitambulisho chake hakikupitia seva ya mtu nisiyemjua. Kupitia seva kama hiyo ndiko kulikonitia hofu pale saiba (duka la intaneti) ya Kayole, Nairobi.

Cheti kilichopigwa kwa iPhone, ambayo huhifadhi picha kama faili za HEIC, kilikataa kufunguka kwenye Chrome. Nikafuata ushauri wa pili, ili simu ipige JPG badala ya HEIC: kwenye iPhone, Settings, Camera, Formats, Most Compatible. Tukakipiga upya dirishani, mhuri ukasomeka wote. Picha za HEIC za zamani bado zimenishinda, lakini fomu imepokelewa leo asubuhi.