Kupiga kambi Mlima Elgon na watoto: je, pango la Kitum ni salama?

MamaWawili
Wadau, hamjambo? Likizo ya Desemba mimi na mume wangu tunataka kuwapeleka watoto, wa miaka 7 na 11, wakalale hemani katika Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Elgon. Huyu mkubwa alisoma habari za ndovu wanaoingia pangoni usiku kutafuta chumvi, na tangu hapo haongei jingine. Lakini mama mkwe amesikia kwamba Kitum kuna ugonjwa wa Marburg, ile homa kali ya virusi inayoua, na amesema wajukuu wake hawaendi. Siwezi kumpuuza, na siwezi pia kumnyima mtoto safari kwa sababu ya uvumi. Je, ni kweli? Ndovu wakija karibu na hema tufanyeje? Na gari letu dogo litafika?

MkulimaTransNzoia
Karibu sana kwetu dada. Desemba ni wakati mzuri, mvua huwa imepungua. Kutoka Kitale mnapitia Endebess hadi lango la Chorlim. Barabara za ndani ni za udongo, zikilowa gari dogo linateleza na kukwama, kwa hiyo pigeni hema karibu na lango na muwaulize askari wa mbuga hali ya barabara kabla ya kupanda. Vyakula nunueni Kitale. Malipo ya KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) yafanyeni mapema kwa eCitizen, ule mtandao wa malipo wa serikali. Maji yabebeni kwenye mitungi ya kudumu, maana chupa za plastiki za kutupa zimepigwa marufuku mbugani tangu Juni 2020. Na blanketi jamani! Usiku wa Elgon si wa shuka.

Nesi_Magharibi
Mama mkwe wako hajasikia uvumi. Mwaka 1980 Mfaransa aliyekuwa akiishi magharibi mwa Kenya alifariki kwa Marburg jijini Nairobi, na daktari aliyemhudumia akaambukizwa, ila akapona. Mwaka 1987 akafariki mvulana wa miaka 15 kutoka Denmark. Wagonjwa hao wawili walikuwa wametembelea Kitum. Virusi hukaa kwa popo wanaokula matunda, wale wanaolala mapangoni kwa makundi, na bado hakuna chanjo iliyoidhinishwa. Ushauri kwa anayeingia kwenye pango la popo ni barakoa, glavu na nguo za kufunika mwili. Sasa niambie, mtoto wa miaka 7 utamzuia vipi asishike ukuta kisha ajifute mdomo? Wangu singemwingiza ndani.

Kipsang_wa_Milimani
Nesi, usiwatishe watu. Wazee wetu wa Kisabaot waliishi kwenye mapango ya mlima huu pamoja na ng'ombe wao, na wageni wanaingia Kitum mwaka baada ya mwaka. Visa viwili kwa miaka yote hiyo!

Nesi_Magharibi
Kaka, ni kweli visa ni vichache, na ndiyo maana sijasema wasiende mbugani. Hatari haiko hemani wala msituni, iko kule ndani kwenye popo na kinyesi chao. Wakae mlangoni. Na yeyote akipata homa kali ndani ya siku 21 baada ya safari, amwambie daktari moja kwa moja kwamba alifika mapangoni.

Msafiri_Kale
Naunga mkono la mlangoni, kwa sababu nyingine pia. Kitum linaingia mlimani takriban mita 200, ni giza totoro, na kuna ufa mkubwa ambamo ndovu wachanga wamewahi kutumbukia wakafa. Ndovu wenyewe hupapasa njia kwa mkonga, kisha huchimba ukuta kwa pembe na kutafuna mawe yale ya chumvi. Mweleze mwanao hayo mkiwa pale nje. Mpeleke na Makingeny, ambako maji yanaporomoka mbele ya mlango wa pango. Mtoto hatasahau. Usimwahidi kuona ndovu, kwani ujangili uliwapunguza sana na wanaingia usiku. Nendeni na askari, maana nyati pia wapo.

Kuhusu hema, lisiwe kwenye njia ya wanyama. Chakula, hasa matunda, kilale garini. Mkisikia matawi yakivunjika usiku, tulieni ndani, msimulike tochi wala kupiga kelele. Anayetaka kujisaidia achungulie kwanza.

MamaWawili
Asanteni mno, hasa Nesi. Nimemsomea mama mkwe kila jibu. Amekubali kwa sharti kwamba hakuna anayevuka mlango wa pango, hata baba yao. Tutalala karibu na Chorlim, na mapangoni tutapelekwa na askari. Kuna pahali pengine karibu pa kuwafaa watoto tukirudi?

MkulimaTransNzoia
Saiwa Swamp, upande wa pili wa Kitale. Mbuga ndogo, mnatembea kwa miguu. Fikeni asubuhi na mapema mkawatafute nzohe, swala wanaoishi kwenye kinamasi.