Re: Re: HARAKA: pasi ya zamani inarudishwa wapi?

Mama Neema, Leipzig:
Habarini za humu. Nimepata uraia wa hapa Ujerumani mwezi wa tatu. Juzi nimekwenda dirishani ubalozini kwetu kuomba viza, nawahi arobaini ya mama, kule Tukuyu. Yule binti akasoma pale nilipojaza "uraia wa awali", akanirudishia fomu chini ya kioo kwa kidole kimoja. "Mama, leta kwanza uthibitisho kwamba pasi ya Tanzania umeirudisha." Nikamwambia si hii hapa, chukua. Akasema yeye hapokei pasi. Sasa nani anapokea? Arobaini ni tarehe 14.

Baba Jully:
Pole sana dada. Mimi 2019 nilizungushwa miezi saba. Cheti cha kuzaliwa cha RITA nikaleta, wakasema jina la kati linatofautiana na la kitambulisho cha NIDA. Na enzi hizo Mjerumani alitaka kwanza uukane wa kwenu ndipo akupe wake. Wewe una bahati, tangu Juni 2024 hakudai tena.

Mwana wa Kyela:
Bahati ipi kaka? Mjerumani kasema kaa na zote mbili, wanaokataa ni kwetu! Mtu anakwenda kufunga msiba wa mama yake mzazi kwa viza ya dola 50, kama anakwenda kuangalia twiga.

Mzee Kibasila:
Tusipotoshane. Sheria ya Uraia ya 1995 iko wazi: mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, wa Tanzania umekoma. Hiyo pasi mkobani ni kitabu tu. Na Mama Neema, usijaribu kupita nayo uwanja wa ndege.

Mama Neema:
Shikamoo mzee. Sitaki kupita nayo, nataka kuirudisha.

Wanjiru, Köln:
Poleni majirani. Sisi Kenya hiyo maneno tulimaliza na katiba ya 2010. Niko na pasi mbili na bado mnacheka Kiswahili changu 😂

Baba Jully:
Mzee, lakini 2025 si wamerekebisha Sheria ya Uhamiaji na ya Ardhi, tukapewa hadhi maalum sisi wenye asili ya Tanzania tulio na uraia wa nje?

Mwana wa Kyela:
Hadhi maalum ina kura? Haina. Januari 2025 wachezaji watatu wa kigeni wa Singida Black Stars wamepewa uraia. Sawa, wapewe, mpira tunaupenda. Mimi kitovu changu kimezikwa Ipinda, naambiwa nina "asili ya Tanzania". Asili! Kama dawa ya mitishamba.

Mzee Kibasila:
Hao waliomba kwa utaratibu. Wewe uliapa kwa hiari, hukushikiwa bunduki.

Mwana wa Kyela:
Niliapa kwa sababu ya mkataba wa kazi, mzee wangu. Mke wangu akinipigia simu ananisalimia Kinyakyusa, "ugonile", na mimi naitikia palepale kwenye treni, wazungu wanageuka. Kiapo kinaweza kufuta hilo? Leo hapa ni baridi na giza toka saa kumi, nimekumbuka mvua ya Tukuyu, ile ya kulala bila kuamka.

Wanjiru, Köln:
Na mchele wa Kyela je, unapatikana wapi huku? Wa dukani hauna harufu.

Mama Neema:
Nikipata viza nitakuja nao. Kilo ngapi?