Igizo letu la kisima limegeuka kesi. Tuendelee au tuchukue hela ya shirika? Naombeni ushauri

Mtoto_wa_Uwele (mleta mada)

Wakuu habari za jioni. Mbukwenyi kwa wale wa nyumbani.

Niko kijijini huku Ugogoni. Tuna kikundi cha ngoma na maigizo, watu 14: akina mama watano wanaopiga muheme, ngoma ya Wagogo, vijana tunaoigiza, na mzee mmoja wa zeze ambaye hajawahi kuwahi mazoezi hata siku moja, ila akishaanza kupiga tunamsamehe.

Mwezi jana siku ya mnada tulicheza chini ya mbuyu. Habari yenyewe ni kisima. Kila ndoo tunalipia, na pampu ikifa tunaambiwa tuchange tena, wakati hela za ndoo hazijasomwa mkutanoni tangu mvua za mwaka juzi. Igizo hatukuliwekea mwisho. Inafika mahali mweka hazina kakumbatia daftari lake, tunasimamisha mchezo, nawauliza watazamaji: ungekuwa wewe, ungefanyaje?

Akatoka mama mmoja na ndoo kichwani. Akaitua, akampokonya kijana wetu daftari, akaanza kufunua kurasa kwa sauti: "Januari, hamna. Februari, hamna. Machi, saba mara nane." Lilikuwa daftari la mdogo wangu wa darasa la tatu, hatukutegemea kama kuna mtu atalisoma! Watu walicheka mpaka vumbi likatimka. Halafu kicheko kikakata, wakabaki wanatazamana. Kiongozi mmoja akasimama, akasema mchezo umeisha, hatuna kibali.

Sasa tunaambiwa kabla ya kucheza tena tupeleke maandishi yasomwe kwanza. Maandishi hatuna, tunacheza kwa kichwa. Huku nyuma shirika moja limesikia habari zetu, linataka tuzunguke vijiji sita kwa hela ambayo hatujawahi kuishika, ila igizo liishe kwa wananchi kukubali kuchangia pampu, na sehemu ya daftari iondolewe. Kikundi kimegawanyika katikati.

Linaloniuma zaidi ni yule mama. Siku hizi akifika bombani anaambiwa asubiri, ndoo za nyuma yake zinajazwa kwanza. Hakuna anayemwambia kosa lake.

Nawasilisha. Matusi hapana.

Kiroba_Tupu

Chukueni hela mkuu. Sanaa haijazi sufuria.

Bint_Mpwapwa

Kiroba acha utani. Sisi tulichukua. Tukaigiza kunawa mikono kata nzima, mwisho tuliandikiwa na waliotulipa. Watu walipiga makofi, wakagawiwa sabuni, wakaenda zao. Hakuna hata mmoja aliyeuliza maji ya kunawia yako wapi. Kama mnaenda, waambieni daftari linabaki. Wakikataa, mtakuwa mmejua walichokuwa wananunua.

Mwalimu_Jukwaa

Mleta mada, mlichofanya kina historia, ila sidhani kama mnajua. Mwaka 1982 na 1983 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Muhando, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walikwenda Malya, mkoani Mwanza. Hawakubeba igizo mkononi. Walianza kwa kuwauliza wanakijiji kinachowasumbua, vijana wenyewe wakatunga kwa ngoma zao, wakacheza, halafu kijiji kikakaa kujadili. Mjadala ndio ulikuwa kazi yenyewe, na ngoma ndiyo iliyowakusanya.

Hiyo ya mtazamaji kuingia na kumpokonya mwigizaji nafasi, aliyeieneza duniani ni Mbrazili, Augusto Boal. Alichaguliwa diwani Rio de Janeiro mwaka 1992, akawa anapeleka vikundi vya maigizo mitaani, na mapendekezo ya watazamaji yanaandikwa na kuingizwa kwenye baraza. Sheria 13 zilipita kwa njia hiyo. Nasema hili kwa sababu moja: kila alichosema mtu jukwaani kulikuwa na karani wa kukiandika. Kwenu nani aliandika aliyosema yule mama? Mlirudi nyumbani na ngoma zenu, yeye akabaki na ndoo yake kwenye foleni.

Na msijidanganye kwamba haya ni mambo ya kuchekesha tu. Kamiriithu, kule Kenya, wanakijiji walijijengea ukumbi wa wazi na kucheza igizo lao mwaka 1977. Serikali ikalipiga marufuku, Ngũgĩ wa Thiong'o, mmoja wa walioliandika, akawekwa kizuizini, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa.

Kiroba_Tupu

Sasa mwalimu unamshauri au unamtisha?

Mstaafu_Utamaduni

Kijana, shikamoo zako nimezipokea hata kama hujazitoa.

Nilikuwa afisa utamaduni, siyo wilaya yenu. Neno "hamna kibali" lijibuni kwa karatasi, msilijibu kwa hasira. Nendeni kwa afisa utamaduni wa halmashauri, awaelekeze namna ya kusajili kikundi BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Maandishi yasiwape homa. Andikeni ukurasa mmoja: hadithi inaanzaje, inasimama wapi, swali gani linaulizwa. Sehemu ya wananchi haiandikiki, na mseme hivyo hivyo.

Kisha hili la daftari lihamisheni kutoka mbuyuni. Igizo haliwezi kumlazimisha mtu asome mapato na matumizi. Mkutano mkuu wa kijiji unaweza. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya 1982 mkutano huo ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, na unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Andikeni barua ya kuomba ajenda ya hesabu za maji. Isiwe barua ya kikundi, iwe ya wakazi, majina mengi. Jina la yule mama likiwa la thelathini kwenye orodha, hawana wa kumrudisha nyuma ya foleni.

Mjukuu_wa_Muheme

Kwa mzee hapo juu, shikamoo.

Mimi naongezea dogo. Bibi yangu alikuwa anapiga muheme Kongwa. Mtu akila hela ya kikundi hawakumwita kikao, walimtungia wimbo bila kumtaja jina, wakauimba arusini, naye yupo, anacheza. Kwenye ngoma huwezi kumshitaki mama wa watu kwa kiitikio, wameitikia wote. Wale akina mama watano waulizeni, msiwaweke tu kuchangamsha mwanzo.

Mtoto_wa_Uwele

Wakuu, mrejesho. Mzee, shikamoo, nisamehe.

Barua imeandikwa, wamesaini 41. Wanne waliweka dole gumba. Mtendaji kaipokea na kugonga muhuri, mkutano ni Jumamosi ya wiki ijayo. Shirika tumewaambia daftari linabaki, bado hawajajibu. Wenzetu wawili wamenuna na wamejitoa, siwalaumu, mmoja ana mtoto anaingia kidato cha kwanza.

Asubuhi akina mama wa kikundi walikwenda bombani pamoja na yule mama, ndoo sita zimepangwa mstari mmoja, ya kwake katikati. Wakajaziwa zote. Nilimuuliza kama anataka tuiondoe ile sehemu yake. Akasema hapana, ila safari hii anataka acheze mweka hazina mwenyewe, na tumtafutie daftari lenye jalada gumu.

Mzee wa zeze kaahidi Jumamosi atawahi.