Re: Jenereta ya trela, wati ngapi?

> Asalam aleykum jamani. Tumenunua trela la kulala, lina AC ya BTU 13,500 na friji. Nataka jenereta ambayo tukirudi Unguja naitia kwenye kontena naondoka nayo. Wati ngapi zinatosha?

Waaleykum salam mdogo wangu,

Hilo la kontena lisahau. Jenereta ya huku Marekani inatoa volti 120 na hezi 60, kwetu ni 230 na 50, sasa ukishaishusha bandarini Malindi ukaifikisha Bububu utawasha nini nayo, friji ya mama haiwaki. Ya nyumbani utainunua huko huko.

Wati usitazame namba kubwa iloandikwa kwenye boksi, ile ni ya kuwashia tu. Honda EU2200i imeandikwa 2200 lakini ya kwenda nayo masaa ni 1800. AC yako ikishawaka inakula kama 1500 hivi, ila pale inapostati inavuta karibu mara mbili, ndo hapo jenereta ndogo inazima ukadhani mbovu. Mie nlihangaika nayo kiangazi kizima mpaka fundi akanifungia kifaa kidogo kwenye AC kinaifanya iwake pole pole, toka siku hiyo raha tupu, almuradi maikrowevu isiwashwe wakati huo huo. Hutaki hayo, chukua mbili ndogo uziunge. Kama soketi ya trela ni ampea 30 haipitishi zaidi ya wati 3600, ukinunua ya 7000 unabeba chuma bure.

Na iwe jenereta ya aina ya inveta, kelele zake ndogo. Mlokuwepo Unguja lile giza la kukatika umeme la Disemba 2009 mpaka Machi 2010 mnajua, kila baraza inanguruma. Kule tulivumiliana kwa sababu sote gizani, kambini mwenzio kaja kusikiliza ndege.

Sasa moshi, hapa nisikilize sana. Giza lile lile jirani zetu waliiweka jenereta ukumbini wakiogopa wezi, alfajiri tukawatoa wawili hawajijui, mmoja anatapika, alhamdulillahi walipona. Gesi ile ya kwenye moshi, kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi. Iweke futi 20 mbali na trela, ekzosi iangalie kwengine, chini ya turubai la mlangoni usiiweke hata ikinyesha mvua, na upepo ukigeuka usiku inuka uizime.

Trela lina alamu ya kaboni monoksaidi? Ibonyeze leo usikie kama inalia. Kama haina niambie, nnayo moja mpya ntakutumia kwa posta kesho.