Wauza storeji, hizo IOPS milioni moja mnazipimia wapi? (UZI WA HASIRA)

Wakuu habari za mihangaiko. Mods naomba huu uzi msiuhamishie kule kwa wauza flashi na memori kadi, hii ni ishu ya kazini na nimevurugwa kweli kweli.

Kuna kampuni sitaitaja imetuletea ofa ya storeji ya kubeba databesi kuu ya ofisi. Slaidi zinang'aa balaa. Kwenye jedwali mtambo wao IOPS (maombi ya kusoma na kuandika kwa sekunde) milioni moja, wa mshindani laki mbili na nusu. Bosi macho yamemtoka, keshaanza kuulizia LPO (oda ya manunuzi). Mimi nikasogea mpaka kwenye skrini kusoma yale maandishi ya chini kabisa, ya kijivu kwenye weupe, madogo kama mchwa. Kumbe wao wamepima bloku (kipande cha data kwa kila ombi) ya 4K, yaani kilobaiti 4, kusoma tu asilimia 100, mshindani kapimwa kwa 8K, kusoma 70 kuandika 30! Sasa hapo mnalinganisha nini na nini jamani?

Nikauliza data ya kupimia ilikuwa kubwa kiasi gani. Wakaangaliana. Baadae injinia wao ndo akasema kwa sauti ya chini, GB 64. Na kontrola, ubongo wa mtambo, zina kashe (RAM ya kushikia data kwa muda) ya GB 512! Yaani data nzima imekaa kwenye RAM, diski hazijaguswa, halafu mnakuja kutuuzia SSD kwa namba za RAM. Databesi yetu ni terabaiti na inakua kila mwezi, itaenea wapi humo?

Latensi, yaani muda wa ombi moja kujibiwa, ndo hata haikutajwa, na kwangu hiyo ndo kila kitu. Pigeni hesabu, IOPS milioni moja kwa latensi ya milisekunde 0.5 maana yake muda wote kuna maombi 500 yako njiani kwa pamoja. Log ya databesi (daftari lake la mabadiliko) haifanyi kazi hivyo, inaandika, inasubiri jibu, ndo inaandika tena, kwa latensi hiyo hiyo unaambulia IOPS 2,000. Elfu mbili wakuu!! Na hata hiyo milioni ingekuwepo, mara 4K ni kama GB 4 kwa sekunde, seva yetu ina poti mbili za Fibre Channel (njia ya kuunganisha seva na storeji) za 16G, zikijaa zote hazivuki GB 3.2. Itapitia wapi, dirishani?

Nikasema basi leteni mashine tuipime na fio, programu ya kupimia storeji. Wakaleta, SSD mpya tupu, jamaa anataka apime dakika tano afunge laptop. Nikacheki skripti yake, inaandika sifuri tupu! Mtambo unabana data na kufuta nakala zinazojirudia, sasa sifuri si zinaishia mlangoni tu, diski inapata kazi gani? Nikamwambia kaka, utaratibu wa SNIA (umoja wa kampuni za storeji) wa kupima SSD unajulikana, unaijaza kwanza, unaipiga mpaka namba zitulie, ndo unaandika matokeo. Ananijibu "mzee hiyo ya maabara". Ebo! Tukaiacha usiku kucha inaandika data isiyobanika, asubuhi namba ziko chini na latensi inaruka kama panzi. Jamaa hata chai hakunywa.

Na vipimo vya maana vipo. SPC-1, kipimo cha storeji cha Storage Performance Council, ipo tangu 2001, ripoti nzima inawekwa hadharani na bei ya mtambo humo humo, na latensi kuanzia mzigo wa asilimia 10 mpaka 100. SPEC, shirika la vipimo vya kompyuta, nao wana SPECstorage ya 2020 kwa upande wa mafaili. Sisemi ni malaika huko, 2008 NetApp waliupima mtambo wa EMC, washindani wao kwenye storeji, kwa SPC-1 wakatangaza matokeo wenyewe, EMC wakaja juu, ila angalau watu waligombana juu ya kitu kinachosomeka. Hawa wetu nikiwaomba ripoti naambiwa "ipo kwenye mchakato".

Kilichonichefua zaidi, tulipomaliza kupima wakatukumbusha kwamba kwenye makubaliano ya majaribio hairuhusiwi kutoa matokeo nje. Ndo maana hapa hakuna jina wala grafu. Slaidi yao ya milioni moja yenyewe inazunguka ofisi za watu bila kizuizi.

Bosi anataka kusaini Ijumaa. Mwenye tenda iliyoandikwa vizuri, inayomlazimisha saplaya ataje bloku, mchanganyiko wa kusoma na kuandika, ukubwa wa data na latensi, aitupie hapa. Na mawakala mnaonijia inbox na brosha, nitawablock.